Nanga Ilipopanda

Kijiti cha kibiriti kiliwaka mara moja, na Mukalay Séraphin akasahau kikombe cha chai alichokuwa amekishika mkononi.

Mwanamke aliyekiwasha aliinama kwenye mbabula, akachochea makaa, kisha akamrudishia mjane kibiriti chake. Mjane, Mbelu, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake wa matanga, kichwa kimenyolewa, mtoto amelala pajani. Alikipokea kile kibiriti na kukificha ndani ya kitambaa chake, kama mtu anayeficha kitu chenye thamani.

"Mama Mbelu," Mukalay akasema, "kile kibiriti kilitoka wapi?"

"Mu mufuko ya salopeti yake, tata inspekta. Ku lopitali balinirudishia mukaba, kisu, na hiki. Njo bitu bilibakia."

Mukalay alikitazama. Mfukoni mwake yeye mlikuwa na amri aliyotumwa kuisoma, na alikuwa amekaa pale tangu adhuhuri akiogopa kuisoma. Amri ilisema kwamba Tshilombo, fundi wa kompresa katika karakana ya mgodi, aliiba mashua ya klabu ya Wazungu wapiga mbizi katika ziwa la Nzilo, akakutwa na dhoruba, akazama. Na kwa kuwa alikufa akiwa mwizi, mke wake aondoke katika nyumba ya kompani kabla ya Jumamosi. Komisere Thiry alikuwa ameigonga muhuri bila kuondoa sigara mdomoni. "Nenda wewe," alimwambia. "Watakusikia. Wewe ni mweusi mwenzao." Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na Mukalay alikuwa kati ya weusi wachache wa Kolwezi waliokwisha kupewa cheo cha inspekta msaidizi. Kofia walimpa. Kazi walizompa ni zile ambazo Mzungu hakutaka kuonekana akizifanya.

Lakini mtu amelala usiku kucha ziwani ndani ya salopeti, ovaroli yake ya kazi, na kibiriti cha mfukoni kinawaka?

Kabla hajauliza swali la pili, matanga yalilipuka. Mama Kabedi, shangazi wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alisimama na kumnyooshea mjane kidole.

"Anaficha kibiriti! Atakosa kuficha pemba ya mizimu? Sema mbele ya polisi, we mwanamuke! Sema vile ulimupakaa bwana yako!"

"Mi sikumupakaa kitu," Mbelu akajibu bila kuinua macho.

"Mi njo nilimuosha! Na hii mikono yangu! Pemba ilikuwa mu makwapa, nyuma ya magoti, pote penye mwili inajikunja. Mweupe, pe! Mutu anatoka ku nyumba yake usiku, amepakaliwa pemba sawa mutu ya kutambikia, anaenda kufwa mu mayi. Alimuuzisha! Alimuuzisha ku mizimu ya lile ziwa!"

Wanawake wakapiga mayowe ya kilio. Mtoto akaamka akilia. Mukalay aliweka kikombe chini, akasimama, na kwa kuwa alikuwa mrefu, na kwa kuwa ile kofia nayo mara nyingine ilisaidia, kelele zikapungua.

"Mama Kabedi, hiyo pemba uliiona na macho yako?"

"Niliiona. Niliipanguza na kitambaa. Kitambaa kiko. Tunakichunga kwa siku ya tribinali."

"Na polisi hamkutuambia juu ya nini?"

Yule mama akainamisha kichwa. "Tulisikia haya, tata. Sisi bote tunabatizwa. Mon père wa misioni angesikia pemba, angekatala kumuzika. Na batu ba kwenu ba Katanga watasema: munaona, Bakasai, bulozi tu."

Mukalay, Mluba wa kaskazini ya Katanga na si wa Kasai kama hawa, aliipokea ile sindano. Palikuwa na ukweli ndani yake. Akaomba kitambaa.

Kililetwa kimefungwa ndani ya majani ya mgomba. Kilikuwa kimekauka, na katikati yake mlikuwa na utando mweupe, laini. Mukalay aliusugua kwa vidole. Pemba ni udongo. Ukiisugua inakwaruza, na ina harufu ya kijito. Hiki kiliteleza. Akakileta puani.

Alikijua. Kila asubuhi mkewe, Agnès, alimnyunyizia mtoto wao wa mwisho kitu hiki hiki baada ya kumwogesha.

"Munuse, mama Kabedi."

"Mi ninuse bulozi?"

"Munuse. Mi niko hapa."

Akanusa, uso ameukunja. Kisha uso ukakunjuka polepole. Akanusa tena. "Hii... hii ni poda. Ya batoto."

"Ni poda. Sasa muniambie kitu kimoya. Tshilombo alilala mu mayi usiku muzima, na zoruba ilikuwa inapiga. Hata ile pemba ya bankambo, ya babu zetu, ingebakia mu makwapa?"

 Jibu lilikuwa wazi hata kwa watoto waliochungulia mlangoni. Maji yangeiosha. Kama haikuoshwa, basi kulikuwa na kitu kilichoziba maji yasifike. Wala hicho kitu hakikuwa salopeti, kwa sababu salopeti haikuwahi kuingia ziwani. Kibiriti kilikuwa kimekwisha kutoa ushahidi.

Mbelu alikuwa ameinua kichwa sasa. "Tata inspekta, amri yako, ile karatasi inatokeza mu mufuko, hujaisoma."

"Ngoja kwanza, mama. Nitaisoma nikirudi, kama itakuwa bado na maana."

*

Pikipiki ya polisi iliyokuwa imekwisha kukataliwa na Wazungu wawili ilimfikisha Nzilo kwa shida, matope yakimfika magotini. Ziwa lilikuwa limetulia kana kwamba halikufanya kitu. Vilele vya miti iliyozamishwa siku walipofunga bwawa vilichomoza majini, vikavu, vyeupe. Klabu ilikuwa nyumba ya mbao yenye baraza, na kibao: HAKUNA RUHUSA KUINGIA, kwa lugha mbili, ili asiyejua Kifaransa naye atukanwe.

Mlinzi, mzee Banza, alimwona toka mbali, akavua kofia.

"Mi nilisha kusema ku komisere, tata. Sikuona kitu."

"Hukuona kitu, ao uliambiwa usione?"

Banza alitazama ziwa. Midomo yake ilitetemeka. "Niko na batoto saba."

"Na Tshilombo alikuwa na mumoya, ananyonya bado. Unifungulie magazini tu. Kuona, nitaona mi mwenyewe."

Hilo Banza aliliweza. Ghala lilikuwa na giza na harufu ya mpira. Ukutani zilitundikwa suti mbili nyeusi za mpira, zile za kuzamia. Chini yake mitungi miwili ya hewa. Juu ya rafu, miwani ya maji, taa kubwa ya chini ya maji, na kopo lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Mukalay akalifungua kopo, akanusa, akalifunga.

Suti ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili aliigeuza nyuma, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Kutoka shingoni hadi kiunoni kulikuwa na safu ya viraka vya mpira, kama vile vya mipira ya baiskeli, na gundi ilikuwa bado inanuka.

Kisha akafungua bomba la mtungi wa kwanza. Hewa ikapiga mluzi. Akafunga. Akafungua la pili. Kimya. Akatega sikio. Kimya kabisa. Akalishika hilo moyoni bila kujua bado litamfaa nini.

"We nafanya nini mu magazini yangu?"

Alikuwa mhandisi Lecocq, mkuu wa klabu, kaptura nyeupe, mikono kiunoni, akisema Kiswahili kile walichojifunza Wazungu ili kuwaamrisha wapishi. Mukalay alimwamkia kwa Kifaransa cha shule ya mapadri, akataja cheo chake, akasema amekuja kwa ajili ya kifo cha Tshilombo.

"Mi nasema yote na komisere. Boy naiba mashua, boy nakufa. Maneno nakwisha. We natoka."

"Bwana mhandisi, suti hii ilipasuka vipi?" Mukalay aliendelea na Kifaransa chake, taratibu.

"Muti. Chini ya mayi iko miti mingi."

"Mti ulioipasua moja kwa moja, toka shingoni hadi kiunoni, kama fundi anavyokata kitambaa kwa mkasi? Nimeona nguo zilizochanwa na miti. Kingo zake huwa na meno. Hizi hazina."

Lecocq akawa mwekundu. "We naisha kuona suti ya mpira lini? Ku pori yenu?"

"Leo ni mara ya kwanza," Mukalay akakiri, na ndani yake hasira ilipanda kama maziwa kwenye sufuria, naye akaishikilia kifuniko. "Kwa hiyo nisaidie nielewe. Suti kama hii inabana, ndiyo maana mnajipaka poda ili iteleze mwilini. Ili uivue, unainua mikono juu na mwenzako anavuta. Ni hivyo?"

"Ni vile."

"Basi ni mtu gani huyo aliyeshindwa kuinua mikono, hata mkaikata suti ya thamani namna hii ili kumtoa ndani?"

Lecocq aligeukia mlango. Nje, mzee Banza alikuwa amesimama kama nguzo, kofia mikononi.

"Nitakusaidia mimi," Mukalay akasema. "Alikuwa mtu aliyekwisha kufa na kukauka viungo. Mlimkuta asubuhi, mkakata mpira kwa mkasi, mkamvalisha salopeti aliyoiacha hapa ghalani, mkaimwagia maji, na hamkukumbuka mifuko. Mlikumbuka kumvua suti yenu. Poda yenu mlimwachia." Akatoa kitambaa, akakiweka juu ya kopo la poda. "Kwao waliidhani ni uchawi. Wamemsumbua mjane wake siku zote hizi kwa ajili ya poda ya klabu yako."

Mhandisi aliketi juu ya sanduku. Na kwa mara ya kwanza akasema Kifaransa, tena akamwita bwana, jambo ambalo lilimchukiza Mukalay kuliko matusi.

"Utaratibu wa klabu hauruhusu mweusi kuvaa suti. Mimi niliona ni upuuzi. Yeye alitujazia mitungi, alijua vifaa vyote. Nikamfundisha. Alikuwa mzuri, bwana. Bora kuliko wengi wetu. Usiku samaki wanalala kati ya miti. Mmoja anashika taa, mwingine anawapiga kwa mkuki. Yeye ndiye alinishikia taa. Miezi miwili sasa. Alipenda sana."

"Endelea."

"Usiku ule nilikuwa na wageni wawili wa Elisabethville, watu wakubwa. Walitaka kuona. Tulikuwa chini, mimi na yeye, maji yakaanza kutikisika. Tukapanda. Upepo ulikuja mara moja, radi juu ya kichwa, mvua hata mkono wako huuoni. Mawimbi yaliingia ndani ya mashua. Nilipanda mimi. Yeye alikuwa bado majini, ameshika ubavu. Tukawasha motori, mashua ikakataa. Nanga ilikuwa imeshikwa na miti huko chini."

"Mngekata."

"Waya wa chuma, wa mgodi. Haukatiki. Kila wimbi lilituvuta pua chini. Bibi mmoja kati ya wageni alikuwa anapiga kelele. Nikamwambia Tshilombo ashuke aifungue."

"Kwa nini si wewe?"

Lecocq alitazama mikono yake. "Masikio yangu yalikuwa yanatoka damu. Na yeye alikuwa tayari majini."

"Akashuka."

"Hata hakubisha. Alisema tu, 'Ndiyo, patron.' Akashuka na taa. Kisha nanga ikapanda, na upepo ukatuchukua palepale. Tulikuwa karibu kuzama, bwana, uelewe. Nikaelekeza mashua pwani."

"Na mkasema ameiba."

"Wageni wale... jina la klabu... Ungefanya nini mahali pangu?"

Mukalay alikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Kuna maswali ambayo ukimjibu mtu, umekwisha kukubali kukaa mahali pake. Akachukua ile suti yenye viraka, akaitupa begani, na kopo la poda kwapani. Mlangoni mzee Banza alimwambia kwa sauti ya chini, lakini bila kutetemeka tena: "Vichwa bitatu njo bilirudi, tata. Nilihesabia na taa yangu. Nikauliza, Tshilombo eko wapi? Baliniambia, lala."

*

Komisere Thiry alisikiliza yote, suti ikiwa imelala juu ya meza yake kama mgonjwa. Alivuta sigara mpaka mwisho. Hakukasirika, na hiyo ndiyo ilimshangaza Mukalay.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Kweli. Sasa tuwe watu wazima. Baada ya zile ghasia za Léopoldville mwezi uliopita, unataka kesi ya Wazungu watatu na mweusi mmoja mbele ya korti? Mji huu utawaka. Tunafuta neno mwizi. Tunaandika: ajali ya kazi, dhoruba. Mjane anabaki ndani ya nyumba mpaka mtoto wake aende shule. Nitampigia simu bwana wa kompani sasa hivi. Unataka nini zaidi?"

Mukalay alikuwa ametoka Nzilo akitaka mengi zaidi. Lakini alimwona akilini Mbelu na mtoto pajani, akaiona ile nyumba ya matofali, chumba na sebule, na mbabula mlangoni. Thiry akapiga simu mbele yake. Aliandika mwenyewe neno ajali, akalipiga muhuri. Heri nusu shari kuliko shari kamili, Mukalay akajiambia, na njia nzima kuelekea kambini alijaribu kufurahi, na karibu aliweza.

Jua lilikuwa linatua nyuma ya lundo la udongo wa mgodi. Watu wa matanga walimwona, wakamzunguka. Aliwaeleza yote, toka poda hadi nanga. Hakuficha jina la mtu. Alipofika kwenye pemba, mama Kabedi alijifunika uso kwa kitambaa, kisha akatambaa kwa magoti hadi kwenye mkeka wa Mbelu, akachukua mchanga na kujipaka kifuani na mikononi, kama watu wa kwao wanavyoomba radhi. Mbelu hakumtazama. Alimsogezea nafasi tu kwenye mkeka.

"Kwa hiyo hakuwa mwivi," Mbelu akasema.

"Hakuwa. Komisere ameandika ajali. Nyumba inabakia yako, mama. Hakuna mutu atakufukuza."

Wanawake wakashukuru kwa sauti. Mtu akamletea Mukalay kiti. Mbelu peke yake alikuwa akikigeuzageuza kile kibiriti mkononi.

"Tata inspekta. Ile nanga. Ilipanda yenyewe?"

"Hapana, mama. Njo yeye aliifungula."

"Kwa hiyo ilipopanda, balijua eko muzima."

Mukalay alivua kofia yake.

"Mutu wa kufwa hafungule nanga," Mbelu akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alibafungulia. Balisikia mashua inaachiliwa. Balijua iko mukono wa mutu kule chini, na balienda. Alingojea muda gani?"

Hapo ndipo Mukalay aliusikia tena ule mtungi wa pili, bomba limefunguliwa na hewa haitoki. Mtungi wa Lecocq ulikuwa umebaki na pumzi za kutosha, kwa sababu Lecocq alipanda. Mwingine ulikuwa umevutwa hadi mwisho. Tshilombo alikaa kati ya ile miti na taa yake, maana juu mawimbi yangemmeza, akitazama juu mahali mashua ilipokuwa, akapumua polepole kama alivyofundishwa, akingoja patron ageuke. Alivuta mpaka hewa yote ikaisha.

"Alingojea sana," akasema. Aliona haya kusema uongo mbele ya kichwa kile kilichonyolewa.

"Na we umekubali baandike ajali."

"Nilifikiri nyumba, mama."

Mbelu alimpa mama Kabedi mtoto. Akasimama, kwa shida, maana alikuwa amekaa siku nyingi. Akaingia ndani. Walimsikia akisukuma kitu, kisha akatokea kinyumenyume, anaburuta godoro kupitia mlangoni.

"Nyumba bachukue," akasema. "Leo, basingoje Jumamosi. Mi sitalala mu nyumba ya kununua na pumuzi ya bwana yangu. We rudia kule, tata. Uandike vile ilikuwa."

Godoro lilikwama mlangoni.  Kisha mama Kabedi alimkabidhi Mukalay mtoto, kama vile mtu anavyomkabidhi jirani kikapu, akaenda akashika upande wa pili wa godoro, na wote wawili wakalitoa nje.